Jina la Ukutani

Hebu fikiria benchi refu la mbao lililovunjika mguu mmoja, na mahali pa mguu pamewekwa tofali. Mbele yake kuna ukuta uliopakwa chokaa jana, na juu ya ngazi yuko mchoraji, brashi mkononi. Ameshaandika KIWANDA CHA POMBE YA MTAMA, KILIANZISHWA NA, kisha amekwama hapo. Mama Kimea, mwenye kiwanda, anataka jina la mwanzilishi liandikwe leo, na lisiwe la uongo, kwa sababu wajukuu zake watausoma ukuta huo hadi wazeeke.

Benchini kila mwenye kikombe cha kahawa alikuwa na jibu. Dereva, aliyestaafu gari bila kustaafu maneno, alisema ni Koplo, babu yake Mama Kimea: alirudi kutoka vitani na chachu ndani ya chupa ya maji, akiipakata safari nzima kama mtoto mchanga. Kinyozi alicheka. Kwa habari zake, paa la Koplo lilivuja, gunia la mtama likalowa, mtama ukaota. Mbuzi wakanywa maji yaliyochachia humo, wakaanza kupigana na vivuli vyao. Koplo naye akaonja, akafungua biashara.

— Kwa hiyo mwanzilishi ni mbuzi? Dereva akauliza.

— Mbuzi ni shahidi tu, kaka. Hiyo chupa yako, shahidi wake nani?

— Mimi.

— Ulikuwa hujazaliwa.

— Nilikuwa njiani.

Mama Kimea akawaomba waache mzaha. Hata hivyo alikubali kwamba ni Koplo, na mchoraji akachovya brashi.

Hapo akaja mke wa mwana wa Mama Kimea, aliyeolewa mwezi uliopita na sasa anajifunza kazi ya kiwanda. Alikuwa ameleta birika la kahawa. Akausoma ukuta taratibu.

— Samahani, mama. Koplo ndiye aliyekufundisha kuotesha mtama?

— Koplo? Hata chai hakujua kuchemsha. Yeye alikaribisha wateja tu. Mtama aliulowesha bibi, akaufunika kwa magunia, akautafuna punje moja moja mpaka autambue utamu wake. Mimi nilifundishwa na bibi.

— Bibi aliitwa nani?

Mama Kimea akahesabu kwa vidole. Nyumbani aliitwa Bibi. Majirani walimwita Mke wa Koplo. Wanywaji walimwita Mama Mkubwa. Akamtazama Dereva; Dereva akamtazama Kinyozi; Kinyozi akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Mchoraji akashuka ngazi. Mama Kimea akajitanda kanga, akaondoka bila kuaga kwenda kuuliza jina hilo kwa shangazi yake, binti pekee aliye hai wa bibi huyo, ambaye siku hizi kumbukumbu zake huja kwa zamu.

Nawe ukifika nyumbani leo, muulize bibi yako anaitwa nani. Kisha, tafadhali, likumbuke jina hilo.