Tiketi ya Siku ya Nne

Mbele ya nyumba ya Torulata, katika kichochoro kimoja cha kaskazini mwa Kolkata, kuna kibaraza cha saruji kilichojitokeza ukutani kama mdomo wa mtu aliyenuna. Wanaume watatu wamekuwa wakikikalia kila alasiri tangu walipokuwa na nywele. Bhombol anauza miwani na hasikilizi mtu. Ghontu alikuwa kondakta wa tramu, na mpaka leo anazungumza kama anayewahimiza watu wasogee ndani. Wa tatu wanamwita Jaji, kwa sababu alipiga taipu mahakamani miaka arobaini akatoka na hukumu za watu wengine kichwani. Kibaraza ni cha Torulata, kwa hiyo naye hukaa, pale mwisho karibu na mlango. Mtaa mzima unamwita Mashima, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo, hata wale waliomzidi umri. Jumapili hiyo ilikuwa siku ya tatu ya mechi ya kriketi ya siku tano. Redio ya Bhombol ilikuwa katikati yao, chai ilikuwa kwenye vikombe vya udongo, na Mashima alikuwa na tiketi ya Jumatatu kwenye mkunjo wa sari.

Timu ya nyumbani ilikuwa inashinda, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

— Wamebaki wapigaji wanne tu, alisema Bhombol akisugua viganja. Wageni hawa tunawamaliza leo leo. Kesho hakuna mechi.

— Na tiketi ya Mashima? aliuliza Ghontu.

— Atafungia bisi za mchele.

— Rupia mia sita, Bhombol! alisema Mashima. Mia sita za kufungia bisi?

— Nani alikwambia ununue siku ya nne? Siku ya nne ni ya bei ya chini kuliko zote. Hukujiuliza kwa nini?

Hakujiuliza. Aliona bei, akamwambia mkwe wake Sharmistha abonyeze simu haraka kabla hazijaisha. Kisha Sharmistha akapanga foleni siku mbili mbele ya dirisha moja, kwa sababu tiketi ya kwenye simu si tiketi, ni ahadi ya tiketi, na lazima ukaibadilishe kwa karatasi. Dirisha lenyewe haliko uwanjani. Liko kwenye kiwanja kingine, ng'ambo ya barabara mbili, ili usije ukadhani mambo ni rahisi.

Marehemu mumewe alikwenda uwanjani kila majira ya baridi, miaka thelathini, na mkate wa mayai aliokaangiwa na Mashima saa kumi na moja alfajiri. Hakumpeleka hata mara moja. Alirudi na maneno tu: eti mpira ukiruka juu, watu elfu sitini wanashika pumzi hata unawasikia kunguru. Mashima alikuwa na miaka sabini na mmoja sasa, na alitaka akasikilize mwenyewe kama kweli kuna kunguru au mzee alikuwa anampiga porojo.

— Hata ukienda utaona nini? alisema Ghontu. Mwaka juzi mimi nilikaa nyuma ya nguzo. Siku nzima naangalia nguzo! Kiti kina kinyesi cha njiwa, nimekipangusa kwa leso, leso nikaitupa. Wali wao baridi kama maiti.

— Na maji, alidakia Bhombol. Chupa yako wanaimwaga getini. Ukishaingia, wanakuuzia maji hayo hayo kwa bei ya sharubati.

— Wananyang'anya na sarafu, alisema Ghontu. Eti utamrushia mchezaji. Machungwa pia. Jamani, chungwa limekuwa silaha! Mnajua zile sarafu zinakwenda wapi? Zinayeyushwa. Kombe lile wanalonyanyua mbele ya kamera ni nauli zetu za kurudi nyumbani.

— Hapana, alisema Jaji, na wote wakanyamaza kwa sababu Jaji hunyanyua kidole kabla ya kusema. Tatizo ni maji. Watu elfu sitini, kila mtu chupa moja, inamwagwa getini. Maji yale yanakwenda wapi? Yanapita chini kwa chini mpaka katikati ya uwanja. Udongo unalegea. Udongo ukilegea, mpira unajipinda. Mpira ukijipinda, wapigaji wanatoka. Wakitoka, mechi inakwisha siku ya tatu. Na tiketi za siku ya nne zimeshauzwa! Mashima, maji yetu wenyewe ndiyo yaliyokula tiketi yako.

— Jaji, wewe ungepewa nchi ungeizamisha, alisema Mashima.

Saa nane ikapita. Saa tisa. Wageni wale wanne hawakutoka. Mrushaji akaja, mrushaji akaondoka, wapigaji wamesimama kama nguzo ya Ghontu. Bhombol akaanza kuitikisa redio.

— Vipi hawa? Asubuhi walikuwa wanaanguka kama maembe mabovu, sasa wameota mizizi?

Muuza chai akaleta chai ya pili. Mashima akaikataa. Sharmistha akaita kutoka ndani kuwa maziwa yanachemka. Mashima akamwambia ayaache yachemke. Alikuwa amebana magoti, na jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Jaji akamtazama, akatazama redio, akamtazama tena.

— Mashima, alisema polepole. Umekaa hapo tangu saa ngapi?

— Kibaraza changu.

— Sikuulizi cha nani. Tangu saa saba hujanyanyuka. Hata chooni hujaenda.

Kila mtu pale alijua sheria ile: mambo yakiwa mazuri uwanjani, hakuna mtu kubadilisha mkao. Anayesimama anaua mpigaji. Ghontu mwenyewe aliwahi kukaa kwa saa tano na mguu mmoja juu, nchi ikashinda, goti halijapona mpaka leo. Lakini mkao huo ni wa kuwalinda watu wako. Kuwalinda wageni!

— Msaliti! Bhombol aliruka. Unawakalia maadui!

— Maadui ni walioniuzia siku ya nne.

— Mashima, nakuomba. Simama kidogo tu. Jinyooshe!

— Sisimami.

— Nchi nzima inangoja!

— Nchi nzima haikununua tiketi. Mimi sikatai tushinde, Bhombol. Washinde kesho, saa nane mchana, nimeshakula. Kuna ubaya gani?

Wakamjaribu. Ghontu akasema ameona panya akiingia jikoni. Bhombol akasema dada yake Mashima wa Howrah, ng'ambo ya mto, yuko pale kwenye kona anamwita. Mashima akashika ukingo wa kibaraza kwa mikono miwili. Mtangazaji akapiga ukelele. Mpigaji mmoja ametoka. Baada ya muda, mwingine pia. Wamebaki wawili. Mashima akafumba macho, akabana zaidi.

Hapo akaja msoma mita ya umeme, mtu mzima mwenye mfuko begani, anayefanya kazi hata Jumapili kwa sababu zake.

— Mashima, naomba ufunguo wa kisanduku cha mita.

— Ninao kiunoni, na siwezi kunyanyuka kuutoa.

— Unaumwa?

— Anatuangamiza, alisema Bhombol, akamweleza yote, mikono ikiruka huku na huku.

Msoma mita akasikiliza. Akaketi kwenye mfuko wake. Redio ikatangaza kuwa mwanga umefifia, waamuzi wamefunga mchezo. Wageni wamebakiza wawili. Mechi itaendelea kesho saa tatu na nusu asubuhi.

Bhombol akatukana kwa heshima. Mashima akauachia ukingo wa kibaraza.

— Naenda, alisema. Kesho naenda uwanjani!

— Hongera, Mashima, alisema msoma mita. Lakini kesho ukiwa huko, hapa atakaa nani ili wale wawili wasitoke mara moja?

Muuza chai alikuwa anakung'uta birika tupu. Mashima, ambaye sasa angeweza kusimama bila kuua mtu kwa kuwa mchezo umefungwa, hakusimama. Alimgeukia Bhombol.

— Mimi nina duka, alisema Bhombol.

Akamgeukia Ghontu.

— Goti, Mashima. Unalijua goti langu.

Jaji alinyanyua kidole, kisha akakishusha.

— Miaka thelathini mnanikalia kibaraza, alisema Mashima. Leo nahitaji mtu mmoja akae, wote mna shughuli.