Maman Rolande Ngoie na Mashahidi Watatu wa Kila Neno

Tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na saba na miezi tisa ya utumishi, Maman Rolande Ngoie anastaafu kazi ya kufundisha Kimanchu na Kijurcheni katika taasisi yetu hapa Ixelles, Brussels. Wenzangu wameniomba mimi, Yusufu wa bohari ya vitabu, niandike wasifu huu. Wanasema ni kwa sababu namfahamu kuliko wote. Ukweli ni kwamba hakuna aliyegombezwa naye mara nyingi kama mimi.

Kwa wageni wetu wa leo: Wajurcheni walitawala kaskazini ya China miaka mia tisa iliyopita. Wazao wao, Wamanchu, waliingia Beijing mwaka 1644 na kuitawala China yote hadi mwanzoni mwa karne iliyopita. Waliacha maandishi ya kujaza makabati na makabati. Leo wazee waliokua wakizungumza Kimanchu wamebaki wachache mno, na maandishi ya Kijurcheni hata wataalamu huyasoma kwa kupapasa.

Maman Rolande alizaliwa Likasi, huko Kongo. Baba yake alikuwa karani mgodini, ambako matangazo yalibandikwa kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiswahili. Mzee huyo aliwazoeza watoto wake kusoma pande zote mbili, kwa kuwa mara nyingi hazikusema jambo moja. Binti alipofika Brussels mwaka 1981 kusoma historia ya China, alipewa ripoti moja ya vita, nayo ya lugha mbili, kila upande na tafsiri yake ya Kifaransa. Kwa Kichina, jemadari alirudi nyuma kwa mpango. Kwa Kimanchu, alikimbia. Anasimulia kwamba alicheka peke yake maktabani hadi akaonywa, maana alijiona amerudi Likasi. Tangu siku ile hakutazama somo lingine.

Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Ixelles, walimshangaa. Mama wa kwao, anayenunua sombe, yaani kisamvu, na samaki barabara ya Chaussée de Wavre kama wao, kwa nini asifundishe sheria au uuguzi? Siku moja sokoni dada wa kanisani kwake alimwuliza mbele yangu: "Maman, bale bantu balisha kufa. Hii luga itakusaidia na nini?" Maman akajibu huku akibonyeza ndizi: "Bon, balisha kufa. Lakini barua zabo ziko. Donc, zinangojea muntu wa kuzisoma." Kisha akarudisha ndizi, hazikuwa zimeiva.

Kamusi yake ya Kimanchu na Kifaransa, juzuu tatu, ilianzia kwenye kadi zilizopangwa ndani ya maboksi ya viatu aliyoombaomba madukani. Sheria yake ni moja: neno haliingii kamusini mpaka limeonekana katika maandishi matatu tofauti. Hayo huyaita mashahidi. Lipo neno lililomngojea shahidi wake wa tatu kwa miaka kumi na tisa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Maman ni maboksi mia moja na arobaini. Mgongo wangu unayajua yote.

Sasa niungame kosa langu. Mwaka 2009 nilipewa kazi ya kupiga muhuri wa namba kwenye kurasa za vitabu vya kale. Nilikuwa nimefundishwa kwamba vitabu vya zamani vya China huanzia upande wa kulia, nami nikajiona fundi. Hakuna aliyeniambia kwamba vya Kimanchu huanzia kushoto. Nikapiga kurasa mia nne na kumi na mbili, kwa wino, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Maman Rolande alipofungua kitabu alivua miwani, akaketi. "Yusufu," akasema, "umeingia mu nyumba ya bantu kwa mulango ya nyuma." Hakunishtaki. Adhabu yake ilikuwa kwamba sitasahihisha namba hata moja mpaka niweze kuusoma mwenyewe mstari wa kwanza wa kitabu. Ilinichukua miezi kumi na moja, kila Jumanne saa nane mchana, mimi niliyeacha shule Bujumbura nikiwa darasa la sita.

Mwaka 2023 baraza la taasisi lilitangaza kanuni mpya: kama hadi siku mwalimu anapostaafu hakuna mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa mwisho wa somo lake, somo hilo linafungwa na vitabu vyake vinapelekwa ghala la nje ya mji. Maman hakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Alibandika matangazo kuanzia kituo cha metro cha Porte de Namur hadi mtaa wa Saint-Josse. Wakaja wanne. Aliyedumu zaidi ni Maman Yolande, msusi wa Matonge, aliyevumilia hadi Krismasi. Jina la saluni yake bado limeandikwa kwa Kimanchu kwenye kioo, juu hadi chini, bila kosa. Lakini mtihani hakuufanya.

Mimi Maman hakuniomba kamwe. Nadhani aliona haya kumtwisha mtu wa bohari mzigo wa maprofesa. Septemba 2024 nikajaza fomu mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Juni 2025 nilifanya mtihani. Msahihishaji alikuwa yeye. Alijua kwamba kumi juu ya ishirini, alama ya kufaulu, ingeokoa kazi ya maisha yake yote, na kwamba umebaki mwaka mmoja tu. Alinipa nane. Pembeni aliandika kwamba maneno mawili nimeyabahatisha. Nilimkasirikia wiki mbili nzima, sikumpelekea hata chai. Wiki ya tatu nilielewa: angenipa kumi ya huruma, vitabu vingebaki na mtu asiyeweza kuvisoma. Nikarudi Jumanne, nikamkuta ameshaandaa vikombe viwili.

Mwezi huu nimerudia mtihani. Alileta msahihishaji wa pili kutoka chuo kingine, asije mtu akasema mama amembeba mtoto wake. Kifungu nilichopewa kilitoka kwenye zile kurasa mia nne na kumi na mbili. Wote wawili walinipa kumi na moja. Maman alitoa kitambaa, akafuta miwani kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Tarehe 18 baraza likaamua: somo linabaki, vitabu havihami.

Maman Rolande, asante kwa ile nane. Umeniachia boksi moja, lina maneno sitini na matatu yenye mashahidi wawili wawili. Halitaingia neno hata moja kamusini kabla ya shahidi wa tatu, hata likinizeesha. Sisi sote tunakuombea afya, usingizi mwema, na ndizi zilizoiva. Ukitukumbuka, Jumanne saa nane niko ndani, vikombe ni viwili, na kitabu nitakuwa nimekifungua kwa mlango wa mbele.