Ndege Iliyotua Pecan Fork

Duka la donati la Pecan Fork lina benchi moja tu nje, upande wa kivuli, na benchi hilo lina wenyewe. Kushoto hukaa Lonnie Pruitt, ambaye mji mzima unamwita Rubani ingawa hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Jina kalipata kwa sababu simu yake ina ramani inayoonyesha kila ndege iliyo angani, naye haondoi macho hapo, kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Kulia hukaa Orrin Teague, Kocha, aliyefundisha mpira watoto wa darasa la nne msimu mmoja, wakafungwa michezo yote, na tangu hapo hajaacha kufundisha dunia. Katikati hukaa Verlin Stroud, Nguzo. Huyo enzi za ujana wake Pecan Fork waliwafunga Tullis, chuo cha mji jirani, vijana wakang'oa nguzo ya goli na kuizungusha mjini mabegani, na yeye akanasa nayo kwenye mlango wa kinyozi. Sasa ana miaka sabini na mbili na bado anaitwa hivyo.

Ulikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita hakuna mpira. Mpira wenyewe ni ule wa Oklahoma, wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, unaobebwa mikononi zaidi kuliko unavyopigwa teke. Usipochezwa uwanjani basi huchezwa mdomoni, na mchezo wa mdomoni ni mmoja: chuo gani kitahama ligi, na kitahamia wapi. Nyigu, timu ya Chuo cha Pecan Fork, wako Ligi ya Mito Minane, yenye timu kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuihesabu hiyo mito.

— Imetua, alisema Rubani, bila hata salamu.

— Nini tena? aliuliza Verlin.

— Ndege. Saa kumi na mbili na dakika kumi, kiwanja chetu hapa. Ndogo, ya binafsi, imetoka Dallas.

Kocha aliweka kikombe chini. Mtu yeyote anayefuata mambo haya anajua kwamba wakubwa wa ligi hawaji kwa barabara. Chuo kikitaka kuchumbiwa, huja kwanza ndege ndogo alfajiri, watu wawili watatu wenye suti wanashuka, na wiki mbili baadaye unasikia harusi imeshafungwa. Na Dallas ndiko ziliko ofisi za Ligi ya Pwani Mbili, ile iliyoanza na vyuo vya baharini, ikaongeza cha jangwani, kisha cha mlimani, na mwaka jana ikachukua kimoja ambacho maji pekee kinayoyajua ni ya bwawa la kuogelea.

— Wametufuata, alisema Kocha. Niliwaambia tangu mwezi wa pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Na hiyo inaingia wapi? aliuliza Verlin.

— Ndege imeinama, ikatua. Unataka ushahidi gani mwingine?

Ushahidi ulikuwepo, tena kwa mafungu. Kocha alieleza kwamba Jumanne alimwona mtunza uwanja wa chuo akinunua ndoo nne za rangi nyeupe, na mtu hanunui ndoo nne kama hatarajii televisheni. Rubani akaongeza kwamba mke wa binamu yake, anayepika kwenye mkahawa wa chuo, ameambiwa wiki hii apike samaki. Samaki, katikati ya Oklahoma, kwa watu wanaokula nyama ya ng'ombe mpaka siku ya ubatizo. Wakatazamana wote wawili. Mambo yalikuwa yameiva.

Verlin alitabasamu nao. Alijua afadhali asiulize, akauliza.

— Na Tullis je?

— Tullis wana nini? alisema Rubani.

— Mchezo wetu na Tullis.

— Bwana, Ligi ya Pwani Mbili ina michezo yake tisa ya lazima. Tullis wataingilia dirisha gani? Huo mchezo umekwisha. Watabaki na mito yao minane, washindane na vyura.

Kocha alicheka akampiga Verlin gotini. Alimwambia kwani atamkosa nani huko, wakati hata na huyo ndugu yake wa Tullis hawasemezani. Verlin alisema ni kweli, hawasemezani, kisha akakitazama kikombe chake kama kimeandikwa kitu.

Ukweli ni kwamba ugomvi wa Verlin na mdogo wake Wendell ulianzia msibani, miaka kumi na mmoja iliyopita. Baba yao alikuwa Nyigu tangu utotoni, soksi mpaka kofia. Wendell alioa Tullis, akahamia Tullis, na pole pole akageuka Kipanga, kama wanavyojiita mashabiki wa kule. Siku ya mazishi akaja na kofia ya kijani ya Vipanga, akaiweka kifuani kwa marehemu, akidai mzee mwenyewe alimnong'oneza hospitalini kwamba mwishoni alibadili moyo. Verlin aliitoa. Wendell akairudisha. Verlin akaitoa tena, waombolezaji wakitazama huku na huku kama wako uwanjani, mpaka mchungaji akachoka akafunga jeneza. Hadi leo hakuna mwenye uhakika kofia ilibaki ndani au ilibaki nje, na kila mmoja anaapa haiko kwake.

Tangu siku hiyo hakuna simu, hakuna kadi ya Krismasi. Ila mzee aliacha viti viwili uwanjani Pecan Fork, mstari wa kumi na nne, kimoja kwa kila mtoto, na hakuna kati yao aliyekubali kukiacha chake. Basi kila Jumamosi ya mwisho wa Novemba, Nyigu na Vipanga wanapokutana hapo, ndugu hao wawili hukaa goti kwa goti saa tatu nzima, chini ya blanketi moja la baba yao kwa sababu baridi haijui ugomvi. Hutukanana kuhusu mpira tu. Mlinzi wenu ana miguu ya meza. Mrushaji wenu hata taka hawezi kutupa. Filimbi ya mwisho ikilia, kila mtu na gari lake. Verlin hakuwahi kumwambia mtu kwamba siku hiyo huanza kuingojea tangu Desemba.

Benchini mambo yalikuwa yanapaa. Rubani alikuwa na habari kwamba mchezo wa kwanza utachezwa Hawaii, na kwamba mashabiki wa Pecan Fork watapelekwa kwa meli.

— Meli itatokea wapi? aliuliza Verlin.

— Hayo ni mambo ya utekelezaji, alisema Rubani.

Kocha alikuwa na la kwake, zito zaidi. Alisema watu wa pwani hawaogopi nyigu, hawamjui, kwa hiyo timu italazimishwa kubadili jina iitwe Papa. Na si jina tu. Televisheni ya kule inataka michezo ianze kwa saa zao, sasa badala ya kuwasumbua mamilioni ya watu, ni rahisi kuuhamisha mji huu mmoja kwenye saa za pwani.

— Chakula cha mchana utakula saa nane, Nguzo. Anza kuzoea.

— Na ng'ombe wangu?

— Ng'ombe watatangaziwa.

Rubani hakukubali kushindwa. Alishusha sauti, akaangalia barabarani kama kuna mtu wa kumsikiliza zaidi ya mbwa wa kinyozi, akasema kwamba tatizo halisi ni safari. Timu za pwani hazitaki kuja huku. Kwa hiyo mpango wenyewe, ule ambao hausemwi, ni kukibomoa chuo tofali kwa tofali na kwenda kukijenga California. Mji utabaki na uwanja, kwa kumbukumbu.

— Ndiyo ukuaji huo, alisema Kocha kwa kuridhika. Bandu bandu.

— Bandu bandu huisha gogo, Kocha, alisema Verlin. Huisha. Hakuna mahali limesemwa linakua.

Alilisema kwa ukali ambao hakuukusudia. Kocha akajitetea kwamba wahenga nao walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Verlin akamuuliza mwenyeji akishahama huyo mgeni atamponya nani. Hapo Kocha akanywa kahawa.

Mlango ulifunguka, akatoka Bi Sokha na birika. Huyu ni mama wa Kikambodia aliyelinunua duka hili mwezi wa nne. Donati anazijua kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzikaanga Pecan Fork, lakini mpira bado anausikia kama mtu anayesikia ugomvi wa majirani ukutani. Alijaza kikombe cha Rubani, cha Kocha, na cha Verlin kikafika nusu.

— Imekwisha, alisema. Nyingine dakika ishirini. Mnagombania nini leo?

— Ndege, mama, alisema Rubani. Kuna watu wakubwa wametua leo alfajiri. Wewe hutaelewa.

— Wale wa Dallas? Watu watatu? Walipita hapa saa kumi na mbili na nusu, wamechukua dazani mbili.

Rubani alisimama. Maishani mwake hajawahi kuwa karibu hivyo na ndege.

— Walisemaje? Walitaja chuo? Walitaja Pwani Mbili?

— Walitaja fahali.

— Fahali gani?

— Wamekuja kumwona fahali, shamba lile la barabara ya kaskazini. Mmoja alinionyesha picha yake kwenye simu. Mbele, nyuma, ubavuni. Alikuwa na furaha sana.

Kocha alijaribu kusema kwamba pengine fahali ni neno lao la siri, lakini hata mwenyewe alilimaliza kwa sauti ya chini. Rubani aliketi, akaifuta simu kwa shati. Na Verlin akaanza kucheka. Alicheka mpaka nusu ile ya kahawa ikamwagikia suruali, akacheka mpaka akatoa leso, na wenzake wakaona kwamba kicheko hicho hakilingani na fahali.

— Basi Novemba nitamwona Wendell, alisema, akijifuta macho.

Alishtuka kusikia amelisema kwa sauti. Rubani na Kocha walitazama barabara, kwa heshima.

— Wendell ni nani? aliuliza Bi Sokha.

— Mdogo wangu.

— Anaishi mbali?

— Tullis. Maili arobaini.

Bi Sokha alihesabu kwa vidole vya mkono usio na birika.

— Sasa ni mwezi wa sita. Barabara ya Tullis imefungwa mpaka Novemba?

Alikuwa anauliza kweli. Huagiza unga wake Tullis. Rubani, anayeweza kukuambia kila ndege iliyo juu ya Oklahoma inaelekea wapi, aliiangalia simu yake lakini haikumsaidia. Verlin alitaka kueleza habari ya kofia. Alianza, "Msibani kwa baba," kisha akaona jinsi itakavyosikika kwa mtu asiyejua mpira, akaacha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja kuisikia mwenyewe, na aliona aibu.

Aliinuka akamfuata mama ndani. Magoti yalimlalamikia kama kawaida.

— Nifungie dazani moja, mama.

— Za kwako?

— Za Wendell.

Bi Sokha alikunjua boksi, akachukua koleo, akasimama mbele ya kabati la kioo.

— Anapenda zipi?

Verlin alizitazama zote, za sukari, za chokoleti, za mdalasini, zile zilizojazwa jemu. Angeweza kumwambia mama kile anachosema Wendell mwamuzi akikosea, anakohoa vipi Nyigu wakifunga, anavuta upande gani wa blanketi. Utotoni walikuwa wakila donati moja kwa kugawana, aliye mkubwa akikata na aliye mdogo akichagua. Sasa mtu huyo ana miaka sitini na tisa.

— Sijui, alisema. Weka kila aina.

Alipotoka, wale wawili walikuwa bado wako palepale na vikombe vyao. Walimtazama akiliweka boksi kwenye kiti cha mbele cha pikapu, taratibu, akilifunga kwa mkanda.

— Unakwenda wapi na donati zote hizo? aliuliza Kocha.

— Tullis.

— Tullis? Leo kuna mchezo gani?

— Hakuna mchezo, alisema Verlin, akawasha gari.