Elikana na Katoni Chini ya Kila Gari

Tarehe 30 Juni 2025, Elikana Bikorimana anaondoka kazini baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Mbegu kwa miaka ishirini na mmoja, akiwa dereva na fundi wa magari kati ya ofisi ya Gitega na stoo ya Muyinga. Hizo ndizo taarifa ambazo yeye mwenyewe amezikagua na kuzikubali. Mengine yote yaliyomo humu aliomba ayasome kabla hayajachapwa, nasi tukamkatalia, kwa sababu tunamjua.

Alizaliwa hapahapa Gitega. Wazazi wake walikimbilia Tanzania akiwa mtoto wa kushikwa mkono, akakulia Ulyankulu, na huko akajifunza ufundi kwenye trekta moja kongwe ambalo anasema halikuwahi kumdanganya. Alirudi Burundi mwaka 2004 pamoja na mkewe Emiliana, na Kiswahili kilichonyooka ambacho sisi tuliotoka upande wa Bukavu na Uvira tunakiita Kiswahili cha redio. Siku aliyokuja kuomba kazi aliizunguka pikapu ya Ushirika, akainama, akanusa moshi wake, akauliza ni nani aliyetuuzia. Aliajiriwa wiki hiyohiyo. Mpaka leo sijui kama tulimwajiri kwa ufundi wake au tulitaka tu anyamaze.

Elikana hamwamini mtu. Hasemi hivyo kwa ubaya, anasema kama mtu anayekutajia kabila lake. Gari likiletwa kwake limeharibika, hafungui boneti kwanza. Anafuta mikono, anamtazama mwenye gari usoni, kisha anauliza maswali yake manne: nani aliliendesha mwisho, lilibeba nini, lilitiwa mafuta wapi, na nani aliligusa mwisho. Kwa maoni yake, nusu ya ubovu wa magari ya Gitega unapatikana kwenye majibu hayo, na nusu iliyobaki kwenye majibu ambayo mwenye gari anayaficha.

Halafu kuna katoni. Wageni wote waliowahi kuegesha nyumbani kwake Nyamugari wanaijua. Ukishazima injini tu, Elikana anasukumiza kipande cha katoni chini ya gari lako, anakukaribisha chai, na mkiagana anakitoa na kukisoma. Tone jeusi ni oili ya injini. Tone la kijani ni maji ya rejeta. Tone jepesi, la utelezi, karibu na gurudumu, ni mafuta ya breki, na hapo huondoki. Pasta wetu aliwahi kulalamika kwamba kwa Elikana hata baraka za nyumba zinasubiri katoni.

Jumamosi, kazi za jamii zikishamalizika na barabara zikifunguliwa, uwanja wake ulijaa wenzetu na magari yao. Alitufundisha bure, ila kwa dharau kidogo. Mkanda wa feni ukipiga kelele asubuhi, mwagie maji kidogo: kelele ikinyamaza, mkanda wenyewe umechakaa, ikizidi, umelegea. Gari likigoma kuwaka na taa zinafifia, usikimbilie kununua betri, tazama kwanza ule unga mweupe kwenye vichwa vyake, uusafishe kwa maji ya moto, ukaze. Moshi mweusi, gari linakula mafuta kupita kiasi. Moshi wa buluu, linaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma, zima na utafute msaada. Wengi wetu tulijifunza kutengeneza magari yetu nyumbani kwa sababu tu tuliogopa kuulizwa yale maswali manne mbele ya watu.

Siku ya harusi ya Aisha, binti wa jirani yake, alimaliza kabisa. Gari la maharusi lilikuwa limepambwa maua, mashangazi wamekaa tayari, na Elikana, kavaa suti, akaonekana miguu tu, mwili uko chini ya gari. Alitoka na katoni yenye tone la breki. Upande wa bwana harusi walianza kunong'ona kwamba huyu mzee katumwa kuvuruga ndoa. Hakuyumba. Bibi harusi alipelekwa kwenye sherehe kwa pikapu ya Ushirika, juu ya turubai lililokuwa bado linanuka maharagwe. Aisha bado anamsalimia kwa heshima, ila mama mkwe wake hajamsamehe.

Sasa niandike kile ambacho Elikana alikuwa anakiogopa alipotaka kusoma kurasa hizi.

Mafuta yalipoadimika nchini, kila mtu alianza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Faida, mtunza stoo wetu wa Muyinga, alikuwa na jicho hilo tangu zamani, akaliongezea mpira. Alikata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, na kila pikapu ilipotoka stoo kwenda Kobero, mpakani, kuchukua mbegu zinazovuka kutoka Tanzania, aliuzungusha mpira huo kwenye kifuniko cha tangi, ukabana kifuniko na shingo yake yote, akaumalizia kwa fundo ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulifunga vilevile. Pikapu ikirudi stoo, analikagua fundo, analifungua, anapima mafuta. Safari ya Gitega haikufungwa mpira, kwa sababu njia hiyo haina mpaka wala wauza mafuta wa bidoni, yale madumu ya kando ya barabara.

"Papa Elikana, mi sisemi we ni mwizi," alimwambia siku ya kwanza. "Mi nafunga tu."

Elikana aliumia. Mtu aliyemshuku kila mtu maishani hakuwa amezoea kushukiwa. Faida alipokuwa akifunga, yeye aliugeukia ukuta wa stoo, akaapa hatautazama mpira ule, sembuse kuugusa. Na kiapo chake alikishika.

Haukupita muda pikapu ikaanza kuzima. Ilizima kila mara kwenye kilima kimoja, Kobero ikiwa karibu kuonekana. Inakohoa, inalegea, inanyamaza. Ukikaa hapo muda wa kunywa chai, inawaka tena kana kwamba haikutenda kosa. Elikana alishuku maji kwenye mafuta, akachuja. Alishuku pampu, akaifungua. Alishuku buji za kuwashia, chujio, joto la injini. Alilaza kabureta nzima kwenye mkeka nyumbani Nyamugari, akaisafisha kwa mswaki. Gitega hadi Muyinga, pikapu inakwenda vizuri. Muyinga hadi kile kilima, inazima.

Hapo midomo ikafunguka. Kwa nini Kobero tu? Kobero kuna malori, wabadilisha fedha, wapagazi, na watu wanaonunua mafuta bila kuuliza yametoka wapi. Wengine wakasema, "Papa iko na mutu wake kule." Wengine wakaenda mbali zaidi, wakasema kuna mwanamke. Maneno hayo yalifika Nyamugari, yakaingia hadi jikoni. Emiliana hakugomba. Alianza tu kumwuliza mumewe maswali manne kila arudipo: umekwenda na nani, umebeba nini, umesimama wapi, nani kakushika mkono mwisho. Elikana aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua maswali yale yanauma.

Mkurugenzi wetu, Olivier, alimwita ofisini. "Donc, basi, funguo ziache hapa kwanza," alisema. Sababu ya ile pikapu kuzima isipojulikana kabla ya msimu kwisha, Elikana angeondoka bila shukrani, na jina lake lingebaki pale kilimani. Aliuweka ufunguo mezani taratibu. Mimi nilikuwepo, na nakiri nilimtazama mikono, kama wote tulivyokuwa tukimtazama wakati ule.

Pikapu ikapelekwa gereji mjini, ikarudi na pampu mpya na buji mpya. Ikapewa dereva mwingine, Prosper, kijana wa kanisani asiyeshukiwa na mtu. Prosper alikwenda Kobero mara ya kwanza, pikapu ikazima kilima kilekile. "Mi sikufanya kitu, imezima yenyewe," alisema kwenye simu. Ofisini hatukujua tena tumshuku nani. Baadhi yetu, badala ya kumwondolea Elikana lawama, tulisema lazima aliitengeneza vibaya makusudi kabla ya kurudisha ufunguo.

Mvua ilikuwa imeshaanza Buhinyuza, kwa wakulima wetu. Wakulima walikuwa wamelima, mashamba yako wazi, na mbegu zao zimelala Kobero kwa sababu hakuna tena aliyeaminiwa kuzifuata. Olivier akaamua kama anavyoamua mtu asiyemwamini yeyote: tupande wote. Prosper aendeshe, Faida aketi mbele alinde fundo lake, mimi niwe shahidi kiti cha nyuma, na Elikana aketi pamoja nami, mikono yake ionekane. Tulitoka stoo ya Muyinga hivyo, watu wazima wanne, kila mmoja amekuja kumchunga mwenzake.

Tukafika kile kilima. Pikapu ikakohoa, ikalegea, ikazima. Faida akageuka kumtazama Elikana. Mimi nikamtazama mikono. Ilikuwa juu ya magoti.

Elikana akashuka. Hakugusa boneti. Kwa mazoea tu akamsogelea Prosper dirishani, akaanza. Nani aliiendesha mwisho? Mimi. Ilibeba nini? Hakuna kitu. Ilitiwa mafuta wapi? Stoo. Nani aliigusa mwisho?

"Mama Faida," Prosper akajibu. "Ameifunga, kama kawaida."

Elikana akaliacha dirisha. Miezi yote ile maswali hayo alikuwa akijiuliza mwenyewe, na swali la nne alilijibu kila mara kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu mkono wa Faida alikuwa amekataa kuuona. Alizunguka hadi kwenye tangi, na kwa mara ya kwanza akautazama ule mpira. Aliutazama sana. Kisha akaweka mikono nyuma ya mgongo wake, akarudi hatua.

"Fungua wewe mwenyewe, dada Faida," alisema. "Mimi nikigusa, mtasema nimetia kitu."

Faida akafungua fundo, akazungusha kifuniko. Tangi likavuta pumzi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo lilivyosikika, fyuuu ndefu, kisha bati la tangi likalia pwaa! kama sufuria inayorudi umbo lake. Mafuta yanaponyonywa na injini, hewa lazima iingie mahali pake, na kifuniko kina kitundu kidogo kwa kazi hiyo. Mpira wa baiskeli ulikuwa umekiziba. Ukitoka stoo, ni kwenye kilima kile ndipo tangi lilipoishiwa pumzi, na tulipokaa kusubiri, hewa ilipenya taratibu mpaka injini ikakubali tena.

Prosper akawasha. Iliwaka papo hapo. Tulikwenda hadi Kobero kifuniko kikiwa hakina mpira, na Faida kaushika mapajani akiukunja na kuukunjua. Mbegu zilifika Buhinyuza siku hiyohiyo, udongo ukiwa bado na maji. Tulipokuwa tunarudi, Faida alisema bila kugeuka, "Papa, mi nilifunga gari roho." Elikana akamjibu kwamba yeye pia alifumba macho, na dereva mwenye macho yaliyofumbwa ni hatari kuliko mpira. Nilifurahi sana kuwa shahidi wa mazungumzo hayo, kwa sababu nisingeamini kama ningeyasikia kwa mtu mwingine.

Olivier alimrudishia ufunguo mbele ya wafanyakazi wote, kwa mikono miwili. Emiliana aliacha maswali, ila la nne analiuliza bado, akiwa anacheka. Na Faida, msifikiri aliacha kufunga. Alitoboa kitundu kwenye mpira, pale panapolala kitundu cha kifuniko, akaendelea na fundo lake. Tofauti ni kwamba Elikana hakugeukia ukuta tena. Alisimama karibu, akachungulia kama kitundu kiko mahali pake. Kwa muda uliobaki wa utumishi wake walichungana hivyo, na sijaona wafanyakazi wawili walioelewana kuliko wao.

Sasa anakwenda nyumbani Nyamugari. Anasema atapumzika. Sisi tunashuku. Jirani zake wametuambia kuna kopo la rangi mbele ya nyumba na ubao ambao bado haujaandikwa. Ufunguo wa pikapu anauchukua Prosper, ambaye tayari ameanza kuuliza watu maswali manne, na wengine wameanza kumkwepa.

Wiki iliyopita Elikana alifanya safari yake ya mwisho ya Kobero. Pale stoo ya Muyinga alisimama kando ya tangi, kama kawaida, akisubiri. Faida akatoka mikono mitupu.

"Mpira uko wapi?" akauliza Elikana.

"Umepotea," akasema Faida. "Nenda tu, Papa."

Elikana alimtazama kwa muda, kama anavyomtazama mwenye gari anayeficha jibu. Akapanda, akawasha, akaondoka. Kwenye geti akasimama, akashuka, akaenda kukitazama kifuniko, akakigusa kwa kiganja kizima, akapanda tena. Hakugeuka nyuma, na tunashuku tunajua kwa nini.

Asante, Papa Elikana, kwa kutufikisha salama sisi na mbegu zetu. Tunakuombea wewe na Mama Emiliana afya, wageni wengi, na katoni zinazobaki kavu. Na kwa kuwa najua utaikagua hata sentensi hii, nakuandikia kabisa: mpira haukupotea. Umetundikwa kwenye msumari, nyuma ya mlango wa stoo, na Faida amekataza mtu yeyote kuushusha.

Bagalwa
kwa niaba ya wafanyakazi wa Gitega na Muyinga