Mama Saa Moja na Mlango wa Dobi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mtaalamu wetu wa maabara, ambaye hospitali nzima inamwita Mama Saa Moja, anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano ya utumishi. Hiyo ni miezi 413. Katika miezi yote hiyo alichukua siku tisa za ugonjwa, na sita kati yake ni za mguu alioutegua kwenye ngazi zetu wenyewe, zile ambazo taa yake iliombwa mara nne kabla haijawekwa.

Wakati huohuo, tangazo kwenye ubao wa mapokezi linasema kuwa nafasi yake haitajazwa, na kwamba kuanzia Julai kliniki ya wanaume itachukua damu saa tisa alasiri. Kwa hiyo wasifu huu una kazi mbili: kumshukuru, na kueleza kwamba tangazo lile ni kosa ambalo tuliwahi kulifanya.

Kliniki hiyo iliwahi kuhamishiwa mchana, na sababu ilikuwa aibu. Asubuhi benchi limejaa watu, na hakuna mwanamume aliyetaka kukutana na mama mkwe wake huku ameshika karatasi ya kipimo cha homoni ya kiume. Walikuwa wanainama dirishani na kunong'ona kwamba wametumwa "kipimo kile". Yeye aliwajibu kwamba maabara ina vipimo mia na ishirini, wachague. Basi uongozi ukawasogeza hadi saa nane mchana, baada ya chakula, kukiwa kumetulia. Kila mtu alifurahi. Kwa miaka miwili tulipima, na matokeo 143 yalitoka chini ya 10.5, kiwango ambacho kwa mashine yetu ndicho mpaka wa upungufu. Yote 143 aliyatia saini yeye. Hajawahi kulificha hilo, na amesisitiza liandikwe hapa.

Aliyefumbua fumbo ni dereva wetu wa gari la wagonjwa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, amechoka, hamu imekwisha, na yeye na mkewe walikuwa wametafuta mtoto kwa miaka minne. Damu ya mchana ilisoma 9.1. Daktari akamwandikia sindano za homoni zianze Jumatatu. Dereva, ambaye hakuamini mashine hata ya gari lake, akaomba apimwe tena Ijumaa asubuhi kabla ya safari, hajala kitu. Ikatoka 14.3.

Mama Saa Moja alidhani mashine imeharibika. Akaitoa sampuli ya kwanza kwenye friji na kuipima tena: 9.2. Mashine ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni saa, pamoja na sahani ya chakula cha mchana. Dereva akamuuliza, "Mama, damu si ni damu tu? Saa inaijulia wapi?" Akamjibu, "Damu haijui saa, baba. Hiyo homoni ndiyo inajua." Homoni hiyo hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, na chakula nacho huishusha. Jambo hili liko vitabuni. Sisi tulikuwa tumelisoma na kulisahau.

Alishika simu na kuomba sindano ya Jumatatu isitishwe. Daktari alimuuliza tangu lini chupa za damu zinaandika dawa. Mama hakukata simu. Alimkumbusha kwamba homoni inayotoka nje huuambia ubongo kuwa ghala limejaa, ubongo nao huziambia korodani zipumzike, na mbegu hupungua, pengine hadi zikaisha. Mtu aliyekuja kutafuta mtoto angefungiwa mlango na dawa yenyewe. Daktari akaifuta sindano. Kwa haki tuseme: alikasirika siku moja, akawa upande wake kwa miaka iliyobaki.

Kipimo cha pili cha asubuhi kilitoka 13.8. Shida ya dereva ilikuwa usingizi: alikuwa analala amekaa kwenye usukani, na akilala kitandani anakoroma hadi pumzi inakatika. Alitibiwa hilo, akapunguza kilo kumi na nne. Binti yake mkubwa sasa ana miaka sita na humwita mama huyu bibi.

Kuna ambao wangeridhika na dereva mmoja. Yeye alifungua rejista na kuandika barua. Kati ya wale 143, ishirini na watano walikuwa wameshaanza sindano, wakarudishwa kwa daktari mmoja mmoja. Waliobaki 118 waliitwa, wakaja tisini na sita, wakapimwa asubuhi mbili tofauti. Arobaini na mmoja hawakuwa na upungufu wowote. Ni zaidi ya wanne katika kila kumi. Shukrani aliyopata ni kuhamishiwa dirisha la kupokea mikojo kwa miezi kumi na mmoja, kwa kosa la "kuchafua jina la taasisi". Mwongozo wa kupima asubuhi ulipochapishwa baadaye, ulibeba majina ya wajumbe saba wa kamati. Tumeyahesabu mara mbili. Lake halimo.

Aibu ya wanaume nayo aliitafutia dawa: aliomba mlango wa dobi, ule wa nyuma, ufunguliwe saa moja asubuhi. Jina lake likatokea hapo. Mteja mmoja alikuja na ngazi begani miezi mitatu mfululizo ili aonekane fundi umeme. Siku moja muuguzi wa wodi ya pili alimkamata atengeneze taa kweli, naye akaitengeneza.

Wale hamsini na watano waliobaki walikuwa na upungufu kweli, na hapo pia hakukubali haraka. Daima alikumbusha kwamba uchovu una baba wengi: usingizi, sukari, mawazo, hata bosi. Damu ya fundi cherehani mmoja ilisoma 4.2 na 3.9. Mama akashauri zipimwe pia homoni za ubongo, na mwishowe ukaonekana uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, aina inayotibika kwa vidonge. Sindano peke yake ingeuficha. Waliostahili sindano au jeli walipewa, baada ya kuulizwa kama bado wanataka watoto, na kila baada ya miezi michache damu yao huangaliwa isije ikawa nzito mno.

Watatu kati yetu tulioanza kazi hapa kwa kuosha chupa za maabara leo tuna leseni, kwa sababu alitufundisha saa ya chakula, bila kuombwa na bila kulipwa. Ndiyo maana tumegawana asubuhi tano za juma: mbili, mbili, moja. Karatasi ya zamu iko mezani kwa katibu wa hospitali tangu Jumanne na haijajibiwa. Ufunguo wa mlango wa dobi ametukabidhi, akatutia saini kwenye rejista kama sampuli, na saa ya kupokea ikaandikwa.

Mama, ahsante kwa miezi 413, na kwa wanaume arobaini na mmoja wasiojua ulichowaepusha nacho. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na asubuhi ndefu kitandani. Jibu la katibu lije lisije, Jumatatu saa moja kasorobo mlango utakuwa wazi. Wewe lala. Sisi tumeshaamka.