Finjani Isiyotikiswa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheikh Mahrous bin Hud. Ammi Khalaf bin Sleyum, mwenye shughuli. Wazee wetu wa Ibra, wa Sur na wa Nizwa, Oman yetu yote hii, nyote nawaamkia, shikamooni. Mama zangu wa upande wa kulia, ambao najua mmekuja na halwa na mnangoja nimalize. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi watoto mlioletwa kwa nguvu.

Mimi ni Wiam binti Yazeed. Nimepewa kazi ya kumuaga Ammi Khalaf kwa niaba ya familia zote zinazosafiri naye kila kiangazi kwenda Malta, kile kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Mediterania, kutazama sikukuu za vijiji vyao. Nimeambiwa niseme kwa Kiswahili. Bibi zetu waliozaliwa Unguja wamesema mtu akiagwa kwa Kiarabu huona kama anaagwa na serikali, na Ammi Khalaf haagwi na serikali, anaagwa na sisi.

Basi tuseme ukweli mwanzoni. Ammi Khalaf aliponikabidhi uongozi wa safari alisema maneno mawili. La kwanza alisema, "Kuongoza nimeacha." Hilo ni haki yake. Amesomesha jiografia mpaka akastaafu, kisha akatuongoza sisi, na kuongoza familia zetu kwenye uwanja wa ndege ni kazi ngumu kuliko kusomesha. La pili alisema, "Na kwenda pia nimeacha. Sitakanyaga tena kule." Hilo la pili ndilo lililonisimamisha hapa leo, na ninyi nyote mnajua kwa nini alilisema.

Kwa ambao hawajapata kwenda, niwaeleze kidogo. Kiangazi kile ambacho huku kwetu hata paka hatoki kivulini, vijiji vya Malta huwa na sherehe wiki baada ya wiki. Kila kijiji kina siku yake. Mitaa hupambwa kwa vitambaa na taa, fataki hulia mpaka madirisha yakatetema, na beni ya kijiji hupita na tarumbeta zake, watu wote nyuma. Wana mbio za farasi ambazo jamaa zetu wa Ibra huzitazama kwa dharau, wakisema, "Farasi wazuri, wapandaji ndio hawana adabu." Na lugha yao, ukituliza sikio, nusu yake ni Kiarabu kilichoingia nyumbani kwa mlango wa uani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nisamehe, lakini siwezi kupita hapa bila ya kukutaja. Safari hii ilipoanza, wewe ndiye uliyeuliza mbele za watu, "Mnakwenda kufanya nini kwenye sikukuu ya watu wa kanisa?" Na aliyekujibu hakuwa Ammi Khalaf. Alikuwa mkewe, marehemu Bi Badriya, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alisema, "Sheikh, kwetu Unguja jirani yetu alikuwa Mgoa. Krismasi akituletea keki, Idi tukimpelekea sambusa. Hatukuingia kanisani kwake wala yeye hakuingia msikitini kwetu, na hapana aliyepungukiwa. Nakwenda kutazama fataki na kuamkia watu." Nakumbuka Sheikh uliandikisha wajukuu zako wote. Allah akujaze kheri.

Sasa mwaka ule wa kwanza tulifanya kosa ambalo nadhani hapana watu wengine duniani wangelifanya. Tulifika kijijini jioni, nguo zetu nzuri, tukasimama pembeni ya mtaa tukingoja kukaribishwa.

Mnacheka, lakini wangapi kati yenu mngefanya vingine? Tumelelewa vipi sisi? Mgeni huingia mji wa watu akaanza kujinunulia chakula barabarani, mwenyeji akiwa yu hai? Huku kwetu mtu akifanya hivyo amewatukana wenye mji. Basi tukasimama. Vibanda vya lozi na asali viko mbele yetu, watoto wanalia, na sisi tunawaambia, "Subirini, wataita." Watu wakipita wakitabasamu. Hapana aliyeita. Wao kwao sikukuu ni ya mtaani, kila mtu ajihudumie, nao walidhani tunapenda kusimama.

Bi Badriya ndiye aliyechoka. Akasema, "Kama hapana wa kutukaribisha, basi tukaribishe sisi." Akakunjua jamvi kwenye kona, mbele ya duka la mshona nguo, akatoa tende, halwa, finjani zake na dele la kahawa alilolibeba kutoka Ibra ndani ya shuka. Akaketi. Akaanza kuita watu wa kijiji chao kwenye sikukuu yao.

Wakaja, taratibu, mmoja mmoja. Beni nayo ikaja. Mbele yake alikuwa mkuu wa beni, Bwana Salvu, kofia kichwani, fimbo mkononi. Bi Badriya akamnyoshea finjani. Bwana Salvu ni mtu muungwana. Akasimama, akanywa, akarudisha finjani kwa heshima zote. Lakini hakuitikisa. Nani angemwambia kwamba kwetu finjani isipotikiswa maana yake ni ongeza? Bi Badriya akaongeza. Bwana Salvu naye amelelewa kutomkatalia mama wa watu, akanywa, akarudisha. Bi Badriya akaongeza tena.

Nyuma yake wapiga tarumbeta wamesimama wanarudia wimbo ule ule mpaka mashavu yamekuwa mekundu. Nyuma yao mtaa wote umeziba. Wanakamati wa sherehe wakaja mbio, jasho linawatoka, wanauliza nini kimetokea, na Bwana Salvu anaonyesha dele tu, macho yamemtoka kwa kahawa. Tulijua siku ile kwamba tumeharibu, na kwamba hapana atakayetuona tena Malta.

Hapo Ammi Khalaf akapenya katikati ya watu. Akaushika mkono wa Bwana Salvu wenye finjani, akautikisa. Bi Badriya akaweka dele chini. Beni ikaondoka.

Mtaa mzima ulicheka. Mwaka wa pili tulifika kwa woga, tukaikuta kona ile iko tupu, hapana kiti wala kibanda. Wameiacha kwa ajili ya jamvi letu. Bwana Salvu akaja, akanywa moja, akaitikisa finjani juu kabisa ili kijiji chote kimwone. Tangu hapo ikawa ndiyo ada. Beni hufika konani, husimama, mkuu hunywa, hutikisa, hupita. Na wageni wengine wanaokuja kutoka nchi nyingine huandika kwamba hiyo ni mila ya kale ya kijiji. Tumewaacha waandike.

Ammi Khalaf, watu watakusifu leo kwa tikiti na mahoteli na kwa kutompoteza mtu hata mmoja, ingawa jamaa zetu wa Nizwa walijitahidi sana kupotea. Mimi nakusifu kwa mkono ule ulioushika. Ulituokoa bila ya kumuaibisha mkeo na bila ya kumuaibisha mgeni. Au mwenyeji. Mpaka leo sijui pale nani alikuwa mgeni wa nani.

Kiangazi kilichopita hatukwenda. Bi Badriya alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na hapana aliyekuwa na moyo wa kulibeba dele lake. Hilo tulilielewa sote. Lakini kuna jambo sijakwambia, Ammi, na nimelichelewesha kwa sababu sikujua nilisemeje nyumbani kwako, wawili peke yetu, bila ya kulia.

Bwana Salvu alinitumia video ya siku ya sherehe. Beni inakuja mtaani kama kawaida. Ikafika kwenye kona mbele ya duka la mshona nguo. Kona iko tupu, wameiacha hivyo hivyo, ingawa walishajua kwamba hatuji. Beni ikasimama, tarumbeta zikanyamaza. Bwana Salvu akatia mkono mfukoni, akatoa finjani, ile aliyozawadiwa na Bi Badriya. Akainyosha mbele yake, tupu, pale ambapo mkeo alikuwa akiketi. Akangoja kidogo. Kisha akairudisha mfukoni, akaendelea na njia yake. Hakuitikisa.

Ammi, mtu yule tulimfundisha wenyewe maana ya kutikisa. Anajua anachokisema.

Kiangazi hiki tunakwenda. Dele nitalibeba mimi, na kumimina nitamimina mimi, na najua kahawa yangu haiifikii yake. Sikuombi uongoze. Sikuombi ushike pasi ya mtu yeyote wala umtafute Mnizwa yeyote. Nakuomba uje uketi kwenye jamvi, ukaitwe mgeni kwa mara ya kwanza. Nisamehe kwa kukuomba mbele za watu. Faraghani ungenikatalia kwa upole na ningekubali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wangu, mama zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Ammi Khalaf, finjani yako hiyo hapo mkononi, vijana wamekumiminia tangu nilipoanza kusema. Ukiitikisa nitaelewa, wala sitakuuliza tena. Lakini nimekutazama muda wote huu, umeshainywa, na bado hujaitikisa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kijana mwenye dele, mwongeze Ammi.