Kanda za Telesfori Zilizofungwa Mashambani

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, naitwa Agripina, mdogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee historia yake, na kwa kuwa nimekasirika nitaisoma hivyo hivyo.

Marehemu Telesfori Ntwari alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Kirushya, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa pili wa mama yetu Selestina, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akajifunza ufundi redio Mwanza. Mwaka 1979 alianza kurekodi kwenye kanda za utepe nyimbo za wazee wa Ngara na Biharamulo, za harusi, za kulima, za kusaga, na alipostaafu ufundi mwaka 2016 akaendelea kuzitibu kanda hizo, akifuta ukungu kwa pamba na spiriti, akiunga palipokatika, akizihamishia kwenye kompyuta moja moja, maana kanda ya zamani haitaki haraka.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Koleta, wakahamia hapa Nyakahura, wakajaliwa watoto wanne.

Mei 2024 alilazwa wiki tatu kwa kisukari, na huku nyuma kamati ya ukumbi, ambayo leo imekaa viti vya mbele, ilikitaka chumba alimohifadhi kanda pale ukumbini, ikatangaza kwamba mwenye shamba la mtama aje achukue utepe wa kanda hizo, wa kufukuzia ndege. Mlikuja, wengi wenu, mkafunga sauti za wazazi wenu kwenye miti. Kamati inasema haikujua, lakini sisi tulifundishwa kwamba kuuliza si ujinga. Kaka hakugombana na mtu, alipita shamba kwa shamba akiokota vipande, visiki vya mtama vikamchoma mguu, kidonda kikakataa kupona, Januari mguu ukakatwa, na tarehe 9 Februari 2025 akafariki, akiwa amepata nusu tu ya wimbo wa kusaga wa marehemu mama yetu, ambao mama alikubali kurekodiwa mara moja tu maishani mwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika tangu juzi, na mafundi wenzake waliotoka Ngara. Kamati mmeleta shada kubwa, shukrani yenu hatuna. Baada ya maziko, kila ambaye utepe bado uko shambani kwake aufungue taratibu, asiukate, aulete kwa Koleta, huenda ndimo alimo mama.

Kaka Telesfori, wewe pumzika kwa amani. Sisi amani bado hatujaipata.